Wasomaji Wanauliza: Irabu za Kitamil na Kompyuta Zetu

Maswali ya mwezi huu yamekuja kama yamepangana, karibu yote ni ya Kitamil. Si ajabu. Huku kwetu tumezoea Kigujarati na Kipunjabi cha wenye maduka, lakini kuna pia madaktari, wahandisi na watu wa viwanda waliotoka Tamil Nadu kule India kusini, wengine Sri Lanka, na wao wakitaka kadi ama bango wanaleta kazi kwa fundi wa mtaani kama mtu mwingine yeyote. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu mengine yote yanaegemea hapo.

Niko na duka la kuprinti hapa Kisumu, nadizaini kadi za harusi, programu za mazishi, mabango, kila kitu. Mteja alinitumia maneno ya Kitamil kwa WhatsApp, ni ya kadi ya sikukuu yao ya Pongal. Nikakopi nikapesti kwa programu yangu ya kudizaini, naona kuna alama inafaa kukaa kushoto kwa herufi lakini imeenda kulia. Nikaishika nikaihamisha mwenyewe mpaka ikafanana na picha aliyonipa. Kadi ikatoka poa. Halafu nikamrudishia yale maneno arushie watu wake kwa simu, ananiambia ati yameharibika, kuna kaduara ka nukta nukta kametokea. Shida ni simu yake ama ni mimi? — Fundi wa kadi, Kisumu

Ndugu yangu, simu yake iko sawa kabisa. Shida ilianzia kwa programu yako ya kudizaini, halafu vile ulivyoirekebisha kwa mkono ndo ikaingia ndani ya maandishi yenyewe. Ngoja nikuelezee polepole maana kazi kama hii itarudi tu.

Unakumbuka ile chati ya darasa la watoto, ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku? Mtamil pia anakua na chati kama hiyo, lakini kwake konsonanti ikisimama peke yake tayari ina "a" ndani yake, kwa hivyo க ni "ka". Akitaka irabu nyingine hawekei herufi nzima mbele vile sisi tunafanya, anaivalisha konsonanti alama. Na hizo alama kila moja ina kwake: கா (kaa) alama iko kulia, கி (ki) inatokea kulia ikipanda juu, கு (ku) inashikana na herufi hapo chini mpaka umbo linabadilika, கெ (ke) na கே (kee) na கை (kai) zinakaa kushoto, halafu கொ (ko) na கோ (koo) na கௌ (kau) zinaibana konsonanti pande zote mbili, kipande kushoto na kipande kulia. Akitaka "k" tupu bila irabu anaweka nukta juu, க், hiyo nukta wanaiita pulli.

Sasa kompyuta haiweki picha ya hizi herufi, inaweka nambari. Mpango unaotumika dunia nzima unaitwa Unicode, na humo Kitamil kimepewa eneo lake kuanzia 0B80 hadi 0BFF (hizo ni nambari za watu wa kompyuta, zina herufi ndani yake, usishtuke). க ni 0B95. Ile alama ya "e" inayokaa kushoto, ெ, ni 0BC6. Ile ya "aa" inayokaa kulia, ா, ni 0BBE. Na sheria ni moja tu, ishike hii hata ukisahau zingine zote: konsonanti inaandikwa kwanza, alama ya irabu inafuata, haijalishi jicho litaiona upande gani. Ukisema "ke" mdomo unaanza na k halafu e, basi na kompyuta inaweka k halafu e. Kazi ya kuichukua ile e na kuipeleka kushoto kwenye skrini ni ya fonti ikisaidiana na ile sehemu ya programu inayopanga herufi. Hiyo kazi hufanyika wakati wa kuonyesha tu, maandishi yenyewe ndani hayaguswi.

Hebu tuliangalie neno lako lenyewe, பொங்கல், Pongal. Msomaji anaona herufi nne: பொ, ங், க, ல். Ndani ya faili kuna nambari saba zikifuatana hivi: ப (p), kisha ொ (alama ya o), kisha ங (ng'), pulli, க (k), ல (l), pulli. Hiyo alama ya "o" ni nambari moja, 0BCA, lakini kwenye skrini inapasuka mara mbili, kipande cha kushoto kinaruka kinaenda mbele ya ப na cha kulia kinabaki nyuma yake. Ni kitu kizuri sana ukiangalia fonti ikifanya hiyo kazi vizuri, kwa kweli.

Kwa programu yako hakukuwa na wa kupanga. Ikaonyesha nambari vile zilivyofuatana, konsonanti, halafu alama yote ikaachwa kulia. Wewe ukaona imekosewa, ukatafuta njia ya kuweka ெ kwanza, halafu ப, halafu ா. Kwa hiyo skrini yako na kwa karatasi, safi. Lakini sasa faili inasema "e, p, aa", na ukiipeleka kwa simu inayojua kazi yake, simu inaona alama ya irabu imetangulia bila konsonanti ya kuishika, sasa inafanya vile imefundishwa, inachora kaduara ka nukta nukta kuonyesha kwamba hapa palifaa kuwa na herufi. Baada ya hapo inasoma ப na ா, "paa". Kwa hivyo mtu wa kule Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, anaona alama yatima, halafu "paangkal". Haisomeki.

Cha kufanya ni hiki. Rudi kwa ujumbe wa mteja, kopi maneno upya kama alivyoyatuma, usitumie yale uliyoyahamisha, yafute kabisa yasije yakarudi kwa kadi ingine. Halafu programu yako ndo uiambie ipange. Kama ni InDesign, kwa menyu ya aya kuna chaguo linaitwa Adobe World-Ready Paragraph Composer, ukilichagua irabu zitaruka zenyewe mahali pake, na Photoshop na Illustrator pia ziko na mpangilio wa lugha za Asia ya Kusini kwa upande wa mipangilio ya maandishi. Kama unatumia toleo la kitambo ambalo halina kitu kama hicho, andika hayo maneno kwa LibreOffice ama Word, sevu PDF, halafu iingize hiyo PDF kwa dizaini yako. Fonti pia iwe ya Kitamil ya kweli: Windows inakuja na Nirmala UI, zile za zamani zilikuwa na Latha, na Noto Sans Tamil inapatikana bure. Kabla ya kuprinti mtumie mteja picha aiangalie, sababu wewe husomi Kitamil na hakuna ubaya kwa hilo, lakini lazima aangalie anayesoma.

Na nikuombe kitu. Mafundi wengi wakiona karatasi imetoka sawa wanasema kazi imeisha. Haya maneno siku hizi hayaishii kwa karatasi. Yatakopiwa, yatatafutwa kwa Google, yatasomwa kwa sauti na simu ya mtu asiyeona, na yote hayo yanafuata nambari za ndani, umbo la nje haliwasaidii. Neno la watu liandikwe vile linavyosemwa.

(Kuna mtu ataniuliza kama kila lugha ya Asia inafanya hivi. Hapana, Kithai kinaweka irabu za kushoto mbele ya konsonanti hata ndani ya faili, kwa sababu viwango vyao vya kompyuta vya tangu zamani vilifuata vile watu walivyokuwa wakitaipu. Kwa hivyo ni uamuzi, na Unicode iliamua hivi kwa Kitamil, Kihindi, Kigujarati na ndugu zao.)

Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Kakamega. Nimeandika programu ya kuhesabu herufi kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu. Nikaweka neno தமிழ் ikaniambia ni 5. Rafiki yangu ambaye lugha ya mama ni Kitamil anasema hilo neno lina herufi 3 na kompyuta yangu haijui kusoma. Nani yuko sawa? — Mwanafunzi, Kakamega

Wote wawili, dada ama kaka, maana hukusema. Hilo neno ndilo jina la lugha yenyewe, na rafiki yako anaona த (ta), மி (mi) na ழ் (hiyo ni ile r yao ya kukunja ulimi, Waingereza huiandika zh). Tatu. Python inahesabu nambari za Unicode: த ni 0BA4, ம ni 0BAE, ி ni 0BBF, ழ ni 0BB4, pulli ni 0BCD. Tano. Na ukiuliza faili inachukua nafasi gani kwa diski kwa mtindo wa UTF-8 (njia ya kawaida ya kuweka nambari za Unicode ndani ya faili) utapata jibu la tatu, baiti 15, kwa sababu kila nambari ya Kitamil inakula baiti tatu. Neno moja, majibu matatu, na yote ni ya kweli, inategemea unahesabu nini.

Pale hii kitu inauma ni kwa fomu. Tuseme umetengeneza fomu ya usajili na umeiambia ikate jina likizidi urefu fulani. Kata தமிழ் kwa nambari ya nne uone: unabaki na தமிழ, pulli imeenda, na sasa neno linaisha na "a" ambayo haikuwako. Kata kwa mbili, unabaki na தம, ile "mi" imegeuka "ma". Programu haijalalamika hata kidogo, haijaona kosa, na jina la mtu limebadilika. Nafikiri hiyo ni mbaya kuliko programu kukwama, kwa sababu ikikwama angalau utajua.

Kwa hivyo ukitaka kuhesabu ama kukata kwa namna ya msomaji, usitumie len, ile amri ya Python ya kuhesabu urefu. Kwa Python kuna maktaba inaitwa regex (si ile re inayokuja nayo, ni ingine unaiweka mwenyewe) na ndani yake alama ya \X inashika herufi nzima pamoja na alama zake zote. Kwa JavaScript kuna Intl.Segmenter inafanya hiyo kazi. Wenye Unicode wenyewe ndio wameandika kanuni za wapi herufi ya msomaji inaanzia na kuishia, kwa hivyo usijitungie zako.

Rafiki yako pengine amekuambia pia kwamba Kitamil kina herufi 247. Ni kweli, wanahesabu irabu 12, konsonanti 18, mchanganyiko wake 216, na moja ya pekee inaitwa aytham, ஃ. Sasa kwa nini Unicode haikuzipa zote nambari, na Wachina wamepewa maelfu? Hili swali limewachoma Watamil wengi na sioni kama ni la kupuuzwa. Sababu ni ya kihistoria. Unicode ilipotoka 1991 ilifuata kiwango cha serikali ya India kinachoitwa ISCII, ambacho kilipanga maandishi yote makubwa ya India kwa ramani moja, ili herufi ya sauti moja ikae nafasi moja kila mahali. Ndio maana "ka" ya Kihindi ni 0915, ya Kigujarati 0A95, ya Kitamil 0B95, ona vile mikia inafanana. Na ndio maana eneo la Kitamil lina mashimo: 0B96, 0B97 na 0B98 ni tupu, hapo kwa Kihindi kuna kha, ga na gha, na Kitamil hakina hizo herufi. Watu walipendekeza mpango mwingine unaoitwa TACE16, ambapo kila silabi ina nambari yake moja, na 2010 serikali ya Tamil Nadu iliukubali uwe kando ya Unicode. Lakini huo unakaa kwa lile eneo la Unicode lililoachiwa matumizi ya binafsi, kwa hivyo mtu asiye na fonti yake maalum anaona visanduku vitupu. Mimi naelewa uchungu wao, ila kwa programu ya mwanafunzi wa Kakamega ambayo itatumiwa na watu wenye simu za kawaida, jibu ni Unicode.

Na kitu kidogo cha kujaribu ukiwa na nafasi: taipu கொ halafu bonyeza kitufe cha kufuta mara moja. Mara nyingi itabaki க, imefuta alama tu. Halafu sukuma kursa kwa mshale, inaruka கொ yote kwa hatua moja. Kufuta kunafuata nambari, kutembea kunafuata msomaji. Hiyo ilifanywa makusudi ili mtu aliyekosea irabu asirudie konsonanti.

Mimi ni karani, ninaweka orodha ya wanachama wa chama chetu cha akiba hapa Nakuru. Tuko na Wakikuyu wengi, na kuna familia kadhaa za Kitamil zimejiunga zikataka majina yaandikwe kwa maandishi yao pia. Shida ni kutafuta. Naliona jina kwa macho yangu liko hapo, nikilitaipu kwa kisanduku cha kutafuta naambiwa halipo. Hii inatokea kwa Kitamil na cha kushangaza hata kwa majina mengine ya Kikikuyu yenye ĩ na ũ. Je, orodha imeingiwa na virusi? — Karani, Nakuru

Hapana mama, hakuna virusi, na umefanya vizuri sana kuona kwamba ni shida moja kwa lugha mbili, wengi wangeshindwa kuunganisha.

Chukua ũ. Kuna njia mbili za kuiandika ndani ya kompyuta. Ya kwanza ni nambari moja iliyokamilika, 0169. Ya pili ni u ya kawaida ikifuatwa na kile kikofia kama nambari yake, 0303, na fonti inakiweka juu. Kwa skrini huwezi kuzitofautisha hata ukiweka miwani. Kibodi moja inatoa ya kwanza, ingine inatoa ya pili, na faili zikipita kutoka mashine moja hadi ingine zinachanganyikana. Kompyuta ikitafuta inalinganisha nambari, inaona moja hapa na mbili pale, inasema halipo.

Kitamil kina hiyo hiyo kwa zile irabu zinazobana pande mbili. ொ inaweza kuwa nambari moja, 0BCA, ama mbili, ெ 0BC6 ikifuatwa na ா 0BBE. ோ ni 0BCB ama 0BC7 na 0BBE. ௌ ni 0BCC ama 0BC6 na 0BD7. Kwa kanuni za Unicode hizi ni kitu kimoja, yaani programu inafaa kuzichukulia sawa, lakini programu nyingi za orodha hazijisumbui. Lile neno la Pongal nililoeleza huko juu lina nambari saba kwa njia ya kwanza na nane kwa njia ya pili, na hakuna anayeweza kuona tofauti.

Dawa yake inaitwa kusawazisha, na ule mtindo wa kutumia unaitwa NFC, unakusanya vipande vyote vinavyoweza kuungana viwe nambari moja. Mwambie kijana anayewatunzia orodha afanye mambo mawili: apitishe orodha yote iliyopo kwa NFC mara moja, halafu kila kitu kinachoingia kuanzia leo, hata yale maneno ya kisanduku cha kutafuta, kipite hapo kwanza. Kwa Python ni unicodedata.normalize, kwa JavaScript ni normalize, ni mstari mmoja tu. ĩ na ũ zitatulia, na ொ zitatulia.

Lakini kuna mambo NFC haiwezi na hapa ndo nataka usome kwa makini, kwa sababu ni majina ya watu. Kuna alama ௗ, nambari 0BD7, ile sehemu ya kulia ya "au", inafanana kabisa na konsonanti ள, nambari 0BB3, ambayo ni l ya kukunja ulimi. Watu wengi wakitaka herufi ஔ, kwa mfano kwa neno ஔடதம் yaani dawa, wanataipu ஒ na kufuatisha ள kwa sababu inaonekana hivyo, ஒள. Kwa macho ni karibu sawa, kwa kompyuta hiyo ni "o" na "la", na hakuna kusawazisha kutakakoifanya iwe "au", kwa sababu kuna maneno ambayo kweli yana o ikifuatwa na l. Vile vile ா na ர, ambayo ni "ra", kwa fonti zingine zinafanana mno.

Ya mwisho ni Sri, ile heshima ambayo huwa mwanzo wa majina mengi, nina hakika kwa orodha yako ipo. Ilikuwa ikiandikwa ஸ்ரீ, ikianza na ஸ, 0BB8. Halafu 2005 Unicode 4.1 ikaongeza herufi ஶ, 0BB6, ndio ikawezekana kuandika ஶ்ரீ. Kwa fonti nyingi zote mbili zinatoa umbo moja tu. NFC inaziacha zilivyo. Hapo itabidi muamue wenyewe mtatumia ipi, na kwa upande wa kutafuta muiambie programu izihesabu zote mbili kuwa kitu kimoja. Ila jina la mtu usilibadilishe kwa orodha kabla hujamuuliza mwenyewe.

Nina biashara Bungoma, nikituma SMS ya Kiswahili kwa wateja inahesabiwa moja. Nikaongeza salamu fupi ya Kitamil kwa ajili ya mteja mmoja mkubwa, SMS ile ile ikahesabiwa mbili. Naibiwa? — Mfanyabiashara, Bungoma

Huibiwi. SMS ya herufi za kawaida za Kiingereza na Kiswahili inabeba 160. Ikiingia hata herufi moja isiyo kwenye ile orodha fupi ya simu za zamani, ujumbe wote, pamoja na Kiswahili chako, unabadilishwa mtindo na sasa unabeba 70 tu. Ukipita 70 unagawanywa vipande vya 67. Na zinazohesabiwa ni zile nambari za ndani, kwa hivyo பொங்கல் ni 7, si 4 za msomaji. Hata ũ moja ya Kikikuyu inaleta hiyo hiyo. Tuma salamu ya Kitamil kwa SMS yake peke yake, kwa yule mteja tu, na usiiache kwa sababu ya gharama, mtu kusalimiwa kwa lugha yake ni kitu kikubwa.

Mzee mmoja wa mashamba ya chai hapa Kericho, ametoka Sri Lanka, amenipa faili za zamani za barua na mashairi ya baba yake nimsaidie kuzifungua. Nikifungua naona takataka kama jkpo; na mistari mingine ya hivyo kurasa nzima. Faili zimekufa? — Jirani mwema, Kericho

Hazijakufa, na tafadhali usizifute! Hiyo uliyoniandikia, jkpo;, najua inasema nini. Ni தமிழ், "Tamil", imeandikwa kwa fonti ya zamani inaitwa Bamini, iliyopendwa sana na Watamil wa Sri Lanka na wale waliotawanyika nchi za nje.

Kabla Unicode haijaenea watu walitengeneza fonti ambazo zinadanganya kompyuta. Ndani ya faili kuna j ya kawaida, lakini fonti inachora த. k inachora ம, p inachora ி, o inachora ழ, na ile nukta-mkato inachora pulli. Ukiwa na fonti unaona Kitamil kizuri, ukiikosa unaona hizo ulizoona. Na kulikuwa na fonti nyingi za namna hii, kila moja na mpangilio wake, mpaka 1999 kwa mkutano wa Chennai ndo walijaribu kukubaliana juu ya mipangilio michache.

Ukitaka kusoma tu, weka fonti ya Bamini kwa kompyuta, chagua maandishi yote, yabadilishe yawe ya hiyo fonti, mzee ataanza kusoma hapo hapo. Lakini mimi ningeomba mwende hatua zaidi mzigeuze ziwe Unicode, ili wajukuu wake wazisome kwa simu. Kuna vigeuzi vya bure vya Bamini kwenda Unicode kwa intaneti. Kwanza toa kopi ya faili zote kwa flashi, zile za asili zisiguswe. Halafu geuza ukurasa mmoja mmoja, na hapa kumbuka lile jibu la fundi wa Kisumu: Bamini inafuata jicho, ile ெ ya kushoto inataipiwa mbele ya konsonanti, kwa hivyo kigeuzi kizuri lazima kiirudishe nyuma ya konsonanti, na zile za pande mbili lazima kizikusanye. Kigeuzi kibaya kinabadilisha umbo kwa umbo na kuziacha zilivyokuwa. Utajua kwa kuangalia maneno yenye கெ, கே, கை, கொ na கோ: ukiona kaduara ka nukta nukta mahali, ama irabu imeenda kwa konsonanti ya jirani, tafuta kigeuzi kingine.

Mkimaliza, kaeni na mzee asome kwa sauti huku wewe umeshika ile ya asili iliyoprintiwa kwa Bamini. Akishtuka kwa neno fulani kwa sababu fonti inaonyesha umbo la kisasa la herufi kama லை ama னை, mwambie si kosa, maumbo hayo yalibadilishwa kwa mageuzi ya maandishi ya Tamil Nadu mwaka 1978 na barua za baba yake huenda zina yale ya kitambo, lakini nambari ndani ni zile zile, na fonti yenye maumbo ya zamani ikipatikana zitaonekana tena vile alivyozizoea.